Onyo la cheti kwenye seva: laptop yako inakudanganya

Haya wakuu, karibuni tena. Leo tuko na lile onyo jekundu la cheti, yaani kile kitambulisho cha kidijitali cha tovuti. Tovuti ni yako, seva unailipia mwenyewe, halafu kivinjari kinakuzuia mlangoni kama vile umekuja kuiba. Wengine Jumamosi wanaangalia mpira, mimi nasoma vyeti. Kila mtu na ugonjwa wake.

Nimeshaingia kwenye seva kwa SSH, ile njia salama ya kuiendesha kwa mbali, hapo sina la kuwafundisha. Natumia nginx, programu inayohudumia tovuti, na vyeti ni vya Let's Encrypt, wanaovitoa bure, kupitia certbot, programu inayoviomba na kuvihuisha.

Kabla hujagusa kitu, soma onyo lenyewe. Pale chini kuna msimbo. Ukiona ERR_CERT_DATE_INVALID, shida ni tarehe: ama cheti kimekwisha muda, ama saa ya kompyuta yako imepotea. Msicheke. Kabetri ka ndani kakifa, kompyuta inarudi miaka ya nyuma na kila tovuti inaonekana mbovu. Ukiona COMMON_NAME_INVALID, shida ni jina. Cheti kimeandikwa example.com, mtu kaja na www.example.com, kwa cheti hao ni watu wawili. Na cheti cha nyota, *.example.com, kinafunika ngazi moja tu. duka.example.com sawa, picha.duka.example.com hapana, na example.com tupu nayo hapana mpaka uiombee.

Sasa AUTHORITY_INVALID, yaani kivinjari hakimwamini aliyetoa cheti. Hii ndiyo imenifanya niwashe kamera.

Niliwahi kumfungulia mteja tovuti. Kwenye laptop yangu, safi kabisa. Nikatuma bili. Kesho yake ananipigia, kwenye simu yake kuna onyo. Nikamwambia azime simu, awashe. Akazima, akawasha, onyo liko pale pale. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja. Njooni mlione.

ls /etc/letsencrypt/live/example.com

Ngoja nikuze maandishi kidogo. Haya. Mnaona cert.pem, chain.pem, fullchain.pem na privkey.pem. Ndani ya cert.pem kuna cheti chako peke yake. Ndani ya fullchain.pem kuna chako pamoja na cheti cha kati, kile kinachokushika mkono hadi kwenye cheti cha mzizi ambacho vifaa vinakiamini. Kwenye nginx, mstari wa ssl_certificate unataka fullchain.pem. Narudia: fullchain. Jina cert.pem linakuita kabisa, linafanana na jina la mstari wenyewe. Usiitike.

Sasa kwa nini laptop ilikubali? Kwa sababu baadhi ya vivinjari, cheti cha kati kikikosekana, huenda kukitafuta vyenyewe, au vinacho tayari. Vinakufichia aibu. Vifaa vingine havina huruma hiyo, na curl, programu ya kufungua anwani kwa amri, kwa kawaida haina kabisa. Kwa hiyo kipimo chetu si kivinjari, ni amri hii ya openssl, programu inayokagua vyeti:

openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com </dev/null

Hiyo -servername msiiache, hasa mkipima kwa anwani ya IP. Seva moja ikiwa na tovuti tano, bila jina unaweza kuletewa cheti cha jirani ukahangaika nacho saa nzima.

Shukeni mpaka chini. Verify return code: 21. Na juu, kwenye mnyororo wa vyeti, kuna namba 0 tu, namba 1 haipo. Cheti cha kati hakijatumwa.

Nafungua faili la mipangilio ya tovuti kwa nano, kihariri changu cha maandishi. Wa vim nawaheshimu, tutaonana mkishapata njia ya kutoka. Nafuta cert, naandika fullchain, nahifadhi. Halafu nginx -t ya kukagua mipangilio, kila mara, kabla ya...

Eh. Imekataa. Inasema idadi ya hoja kwenye ssl_certificate si sahihi. Nimefanya nini tena? Sekunde moja. Aa, nukta mkato! Nimeifuta pamoja na lile neno, kwa hiyo nginx imeunganisha mstari huu na unaofuata. Hii sitaikata kwenye video, ibaki. Narudisha. nginx -t... sawa, imepita.

systemctl reload nginx

Reload inaifanya nginx isome mipangilio na vyeti upya. Hapa pia watu huanguka. Cheti kipya kikikaa kwenye diski bila reload, nginx inaendelea kutoa kile cha zamani ilichokishika kwenye kumbukumbu. Vyeti hivi kwa kawaida ni vya siku 90, kwa hiyo mpe certbot kazi hiyo: ongeza --deploy-hook "systemctl reload nginx". Na kama certbot inashindwa kuhuisha, angalia kama kuna aliyefunga poti 80, mlango wa HTTP, kwenye ngome (firewall). Uhakiki wa HTTP unapita hapo, hata kama tovuti yako yote ni HTTPS.

Tafadhali msiombe cheti kipya kila mkiona onyo. Majina yale yale yana kikomo cha vyeti 5 ndani ya siku 7. Ukivuka unakaa kusubiri. Jaribuni kwa certbot renew --dry-run, hiyo haihesabiwi.

Napima tena kwa openssl. Namba 0, namba 1, na chini kabisa Verify return code: 0. Nachukua simu, nafungua... imefunguka bila onyo. Sasa ndiyo bili inatumwa.