Shika Udongo Kabla ya Kununua Mbolea

Namwona ndugu yangu pale mbele ameshatoa simu anionyeshe picha ya shamba lake, nimwambie udongo wake mwekundu ni wa aina gani. Irudishe mfukoni. Wekundu ni chuma kilichokutana na hewa, basi. Kuna udongo mwekundu wa kichanga unaopitisha maji yote chini, na mwekundu wa mfinyanzi unaokaa nayo siku nyingi. Picha haitanitofautishia.

Chota udongo kiganjani, toa mawe na mizizi, loanisha, ukande kama unga wa chapati. Kisha uminye kwa dole gumba utoke utepe. Usiposhikamana kabisa, huo ni mchanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, uko kwenye tifutifu. Ukipita 5, huo ni mfinyanzi, chembe zake hazifiki milimita 0.002.

Mtasema, "Mzee, maabara zipo." Zipo, pelekeni! Lakini mfuko uliochotwa sentimita 20 za juu hautasema lolote kuhusu tabaka gumu lililo sentimita 40 chini. Maabara hupima ulichoipelekea.

Wanaonifahamu wanajua sasa naelekea kwenye kisa cha Kongwa, kule Dodoma. Kweli, naelekea. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walituma wataalamu Tanganyika. Wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ukaguzi ikafanywa angani kwa ndege. Kwa ndege, jamani! Mwaka uliofuata kazi ikaanza, shabaha ikiwa zaidi ya ekari milioni 3 za karanga. Kumbe udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na una mchanga mkali unaokula chuma. Plau zikaisha makali. Mvua ilipokatika, jua likaukausha ule mfinyanzi hadi haukuchimbika. Na karanga inazaa wapi? Ua huchanua juu, kisha kikonyo kinazama ardhini ndipo ganda likue. Ardhi ikikaza, kikonyo hakizami, na zilizokwisha kukomaa hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Kuna atakayesema kosa lilikuwa mvua. Mvua ilichangia, sibishi. Lakini hata ingenyesha vizuri, msimu ukiisha ardhi ingekaza vile vile; karanga ungeing'oa kwa kitu gani, kwa sururu?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, harakaharaka. Muundo ni jinsi chembe zinavyoshikana kuwa madonge, na trekta likipita udongo ukiwa umelowa, madonge hayo yanakufa. Mgandamizo, yaani uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake: kwenye mfinyanzi, gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo tayari mizizi inakwama, kwenye mchanga inaweza kuvumilia karibu 1.8. Uainishaji wa udongo: mfumo wa kimataifa una makundi 32, wa Marekani una oda 12, yaani makundi makuu, majina mtayasoma wenyewe.

Ila mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne simruki. Miaka ya 1930, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alionyesha kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio ule ule toka kilimani hadi bondeni, akauita katena. Wasukuma walikuwa na majina yao: luseni ya kichanga huku juu, itogolo chini yake penye tabaka gumu, halafu mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Hakuna Msukuma anayekosea mahali pa kuweka mpunga.

Nyuma ya ukumbi kuna shimo la mita moja na nusu limechimbwa asubuhi. Maswali huko huko, na mwenye mikono misafi simjibu.