Mtoto mwenye potasiamu 9.2 alikuwa anakula andazi: wiki yangu maabara

Asanteni, kaeni kaeni, mie sio mgeni rasmi bana. Mwalimu wenu kaniomba nije niwaeleze wiki yetu ya kazi maabara ya hospitali inakuaje, maana anasema mkirudi kutoka field mnalalamika kwamba siku nzima mnaosha slaidi na kuandika rejista. Slaidi mtaosha, hilo msahau. Ila kuna kazi nyingine haiandikwi popote, yaani sehemu kubwa ya wiki mtu wa maabara anabishana na majibu yake mwenyewe kabla hayajatoka dirishani, na hiyo ndo nataka tuongee leo.

Jumatatu. Saa moja na nusu asubuhi hujanywa hata chai unasoma joto la mafriji, la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, liwe kati ya nyuzi 2 na 8, la damu kati ya 2 na 6, unaandika unasaini, alafu unaipa mashine ya kemia kontroli. Kontroli ni seramu, yaani maji ya damu bila seli, ambayo majibu yake tunayajua tayari, kwa hiyo tunaipima kwanza mashine ndo mashine impime mgonjwa. Namba zikitoka unaweka nukta kwenye ile chati ya Levey-Jennings ya kufuatilia kontroli siku kwa siku, ya tangu 1950 hiyo na mpaka leo haina mpinzani. Nikiwa mgeni kazini, Jumatatu moja kontroli zangu zikapanda zote, sukari juu, yurea juu, kreatinini juu, kila kitu kimepanda kama asilimia 10 hivi. Nikakalibreti mashine, yaani kuirekebisha upya, nikakalibreti tena, vitendanishi vinaisha na foleni nje inajaa na watu wameanza kugonga dirisha. Bosi wangu akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akaangalia karatasi, akaniuliza kitu kimoja tu, hii kontroli umeiwekea maji kiasi gani?

Sasa kile kichupa kinakuja na unga mkavu, unatakiwa uweke maji mililita 5 kamili kwa pipeti, uache kitulie nusu saa, ukizungushe taratibu bila kukitikisa kama soda. Mie pipeti niliona mbali nikavuta kwa bomba la sindano nikaishia 4 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe, uzito ule ule kwenye maji pungufu, lazima kila kitu kipande kama asilimia 11. Kipimo kimoja kikiyumba peke yake mshuku kitendanishi chake, lakini vyote vikipanda pamoja kwa kiwango kimoja jiangalie mikono yako kwanza. Tangu siku hiyo bomba la sindano silishiki kwa kazi hiyo hata ukinilipa.

Jumanne kwetu ni kliniki ya kisukari, kwa hiyo sampuli zinakuja kwa mafungu. Hapa adui ni saa. Seli za damu zinaendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya tyubu, zinakula kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa kwenye joto la kawaida, na joto la kwetu mnalijua. Damu ikivutwa saa mbili asubuhi kwenye tyubu nyekundu, ile isiyo na dawa ya kuzuia sukari isiliwe, ikakaa kwenye trei mpaka saa nane mchana, mgonjwa anaambiwa sukari yako nzuri baba, endelea hivo hivo, kumbe sukari imeliwa njiani. Ndo maana kuna ile tyubu ya kijivu yenye floraidi ya kuzizuia seli zisiile, na ndo maana nikiona majibu mazuri kupita kiasi siku ya kliniki naangalia kwanza muda uliovutwa, na kama haujaandikwa naomba nyingine, hata kama nesi atanuna.

Sasa lile la potasiamu. Ilikuwa Jumanne hiyo hiyo ya kliniki, mchana, mashine ikatoa potasiamu 9.2 ya mtoto wa miaka sita. Kawaida ni kama 3.5 mpaka 5.1, ikifika 7 moyo unaweza kusimama muda wowote, kwa hiyo mwenzangu wa shifti akakimbilia simu kuita wodi, na hapo hakukosea, majibu ya hatari unapiga simu. Nikamwambia subiri dakika moja. Kwanza tukaangalia seramu, kwa sababu damu ikipasuka kwenye sindano seli zinamwaga potasiamu na seramu inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela, lakini hii ilikuwa ya njano safi kabisa. Tukashuka mstari wa kalsiamu, 0.6. Kalsiamu 0.6, jamani! Huyo mtoto angekuwa anadegedeka kitandani. Nikapiga wodini mwenyewe, dokta samahani, huyu mtoto wako yukoje? Akacheka, akasema yuko mlangoni hapa anakula andazi.

Kilichotokea ni hiki. Tyubu ya zambarau, ile ya kupimia wingi wa damu, ina EDTA ya kuzuia damu isigande. EDTA hiyo ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu. Mtoto ana mishipa midogo, damu ilitoka kidogo, zambarau ikajaa na nyekundu ikabaki nusu, sasa aliyevuta kwa huruma akafungua akamimina kidogo kutoka zambarau kwenda nyekundu ili zilingane. Ukiangalia kwa macho huwezi kujua, tyubu imejaa na ina jina, imependeza. Na matibabu ya potasiamu ya kweli ni insulini na sukari ya mshipani, mpe mtoto mzima insulini asiyoihitaji uone. Tukavuta upya, ikaja 4.3.

Jumatano na Alhamisi nitaenda haraka. Mikojo iliyooteshwa Jumatatu, Jumanne imeota, tunapanga vidonge vya karatasi vyenye antibayotiki, Jumatano tunapima kwa rula milimita za eneo ambalo bakteria hawakuota. Kwa hiyo mtu akikuambia Jumatatu jioni anataka majibu ya kuotesha, mpe kiti. Alhamisi ni vikao na kuhesabu stoo.

Malaria lakini siwezi kuiruka, maana kila siku ipo. Tone nene la damu likishatandazwa kwenye slaidi, kabla halijakauka liweke juu ya gazeti, kama maandishi unayasoma kwa shida hapo ndo penyewe, kama huoni kitu umeweka uji, kama unasoma vizuri mpaka matangazo ya vifo umetandaza jembamba. Na usiandike hamna vimelea mpaka umeangalia maeneo 100 kwa lensi ya mafuta. Mia. Najua mnaishia 20 mkiona foleni, msinicheke. Alafu kuna mama anarudi wiki ya pili, amemaliza dozi, kile kipimo cha haraka bado kina mistari miwili na anataka dawa nyingine. Kile kinanusa protini ya kimelea, inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, kwa hiyo huyo unamrudisha kwenye darubini, na umweleze vizuri, asiondoke anadhani umemnyima.

Ijumaa mchana kila wodi inakumbuka ina wagonjwa, basi. Usiku wa Jumamosi unabaki peke yako na mashine.

Saa tisa usiku, leba wameleta sampuli, mama kajifungua damu haikati, wanataka chupa mbili sasa hivi. Napima grupu naona A. Wamenitumia na kadi ya kliniki, kadi inasema O. Mmoja anadanganya, kadi au tyubu, na aliyeleta amesimama mlangoni anahema, dada mmoja nesi wa miaka mingi ananiambia we kijana mgonjwa anakufa unasoma kadi! Nikapima tena kwenye tile, kile kigae cha kuchanganyia damu, A. Nikaingia frijini nikatoa O chanya mbili za seli, kwa sababu awe A awe O, O atapokea, na Rh, ile chanya au hasi ya grupu, ilikuwa chanya kwenye kadi na kwenye tyubu. Chupa za A hapana. Nikamwambia dada peleka hizi zianze, alafu nivutie damu nyingine, jina uandike pale pale kitandani kwake ukiwa umeshika mkono wake.

Akaondoka na chupa zake hata asante hakusema. Dakika kumi tyubu mpya ikaja. O.

Tyubu ya kwanza ilikuwa ya mama wa kitanda cha pembeni, ziliandikwa majina zote mbili mezani kabla hata sindano haijafunguliwa, ili kuokoa muda. Na mwili wa mtu wa O ukiingiziwa damu ya A unaipasua humo humo kwenye mishipa, kumuua haihitaji chupa mbili.

Asubuhi nafunga rejista nasubiri wa zamu, yule dada akapita dirishani. Nikajua leo nasemwa. Akanyoosha mkono akaniuliza kama tuna maka peni ya ziada, ya kwao imekauka na anataka atembee nayo mfukoni.