Kinachoua Bastola ya Mpira wa Maji

Ndugu zangu mnaolima bustani, mafundi bomba, na wengine wote mliofika, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuchagua bastola ya kumwagilia inayodumu, ile inayofungwa kwenye ncha ya mpira wa maji. Kuna wanaoliona jambo hili dogo. Mimi silioni dogo hata kidogo. Bastola inayovuja inamwaga maji ambayo mtu kahangaika kuyapata, na inayovunjika kila msimu inaishia jalalani ikiwa na metali nzuri ambayo ingeweza kutumika miaka mingi.

Nitoe dai langu mapema. Bastola nyingi zinazotupwa, kiwiliwili chake bado ni kizima. Kilichokufa ni kitu kidogo cha ndani: ringi ya raba imekauka, springi imeliwa na kutu, pini ya triga imelegea ikadondoka. Sasa tazameni sisi wanunuzi tunavyofanya. Tunaipima mkononi, tunaisifu kwa uzito na mng'ao, tunaondoka nayo. Swali lenye maana ni moja: je, hii inafunguka? Ikifunguka, ringi itabadilishwa na kifaa kitaendelea na kazi. Kama imegundishwa au imepigwa ripiti pande zote, umri wake ni umri wa ringi yake, hata kama mwili wake ungedumu nusu karne.

Hebu tuingie ndani. Nina moja hapa ya mtindo wa zamani, ya metali. Fimbo nyembamba inapita katikati kuanzia nyuma hadi mdomoni. Mbele, fimbo ina kichwa kinachoketi kwenye tundu na kulifunga. Nyuma kuna springi inayokirudisha kichwa hicho mahali pake. Ukibana triga, fimbo inasogea, tundu linafunguka, maji yanatoka. Ukiachia, springi inafanya kazi yake. Pale fimbo inapotokeza nje ya mwili pana raba nyingine, na mara nyingi pana nati ya kuibana. Wale mnaolalamika kwamba maji yanawatiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko, chanzo kiko hapo. Kwa bastola iliyotengenezwa vizuri, unakaza nati kidogo na uvujaji unakoma. Kwa ile isiyo na nati, huna la kufanya.

Springi nayo inataka jicho. Iwe ya chuma cha pua, maana inakaa ndani ya unyevu muda wote. Kuna mtu ataniambia, "Fundi, nitaijaribu kwa sumaku." Ushauri huo umeenea, lakini kwenye springi unapotosha. Waya wa chuma cha pua ukivutwa baridi ili uwe springi, hupata usumaku kiasi, kwa hiyo sumaku inaweza kunasa kwenye springi iliyo nzuri kabisa. Kwenye mwili wa bastola sumaku haisaidii pia: shaba ya njano, zinki na alumini zote haziivuti.

Naona nimeshagusa metali, basi tuzimalize. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa takriban gramu 8.5. Aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ambayo ndiyo inayotumika kwenye bastola nyingi zinazong'aa, ni kama gramu 6.7. Alumini ni 2.7 tu. Mnaona tatizo lilipo: zinki ni nzito vya kutosha kumdanganya mtu kwamba ameshika shaba, hasa ikipakwa kromu juu. Chungulia ndani ya mdomo wa kuingizia maji na kwenye nyuzi zake, yaani ile mizunguko ya kukazia, ambako mipako huwa myembamba. Rangi ya njano ni shaba. Kijivu hafifu ni zinki. Zinki si haramu, lakini mpako wake ukichubuka na maji yakaingia, inaanza kutoa unga mweupe, na nyuzi zikishaliwa hakuna raba itakayoziba.

Shaba yenyewe pia ina ugonjwa wake. Maji ya aina fulani, hasa yenye chumvi za kloridi au yanayolala bila kutembea, hunyonya zinki polepole kutoka ndani ya shaba ya njano. Kinachobaki ni shaba tupu yenye vitundu vidogo vidogo, rangi yake ya waridi, na ukiikaza inabomoka. Aloi yenye zinki isiyozidi asilimia 15 huhimili sana hali hiyo. Za kawaida huwa na zinki zaidi ya asilimia 30. Ukiona doa la waridi kwenye nyuzi za bastola yako ya shaba, ujue linatokana na hilo.

Kisha kuna ndoa mbaya ya metali mbili. Mpira wa maji wenye kiungio cha alumini ukiufunga kwenye bastola ya shaba, na maji yapo katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Baada ya miezi vinashikana, hata koleo halivitenganishi. Vifungue mara kwa mara, au weka kiungio cha plastiki katikati.

Na plastiki? Mimi siidharau. Plastiki nene, iliyotiwa nyuzi za kioo, haina kutu, haishikani na metali, na mkono hauchoki nayo. Adui yake mkuu ni jua, kwa sababu miale ya urujuanimno huivunjavunja hadi inakuwa kavu na kupasuka. Plastiki nyeusi iliyotiwa masizi ya kaboni hustahimili jua zaidi. Atakayeanika bastola yake juani mwaka mzima na achukue ya shaba. Mwenye kuihifadhi kivulini anaweza kutosheka na plastiki nzuri kwa muda mrefu.

Sasa nyuzi. Hapa watu wengi wanalaumu bastola bure. Viungio vya inchi robo tatu viko vya aina mbili kubwa duniani. Vya mfumo wa Uingereza, unaotumika pia katika nchi nyingi nyingine, vina nyuzi 14 kwa inchi, na kipenyo cha nje ni kama milimita 26.4. Vya mpira wa bustani wa Marekani vina nyuzi 11 na nusu kwa inchi, kipenyo karibu milimita 27. Kwa macho vinafanana kabisa. Ukivilazimisha vinaingia mzunguko mmoja hivi, kisha vinakwama na kuharibu nyuzi laini za plastiki au zinki. Mtu akiona maji yanavuja, anazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu haitatui hilo. Kwenye viungio hivi, kinachozuia maji ni ile ringi bapa ya raba iliyo chini ndani ya kiungio. Nyuzi kazi yake ni kuibana tu. Kabla ya kununua, jua koki yako na mpira wako ni wa mfumo upi, kisha hakikisha ringi bapa ipo na inalala sawasawa.

Kuna swali pale nyuma. Mama anauliza kuhusu bastola zenye kichwa cha kuzungusha, chenye mitindo minane au kumi ya kumwaga maji. Ahsante, mama. Kila unapozungusha kile kichwa, raba moja ndogo inasuguliwa kati ya vipande viwili, na mchanga mwembamba ulio kwenye maji unaisaga. Kadiri unavyobadili mitindo, ndivyo inavyochakaa. Miche inataka maji laini ya manyunyu, kuosha sakafu kunataka mkondo mmoja wenye nguvu, na mitindo mingine ni ya kuvutia wanunuzi. Kama una maji yenye mchanga, tafuta pia ringi yenye chujio la waya uiweke kwenye kiungio.

Na nikiulizwa ipi inadumu kuliko zote, sitasita: ni nozeli ile ndefu ya shaba inayozungushwa, isiyo na triga. Ina vipande viwili na ringi moja au mbili. Haina springi, haina pini, haina cha kuvunjika. Lawama yake ni kwamba huwezi kuifunga kwa kidole. Inataka mikono miwili. Kwa mwenye vidole vyenye maumivu, bastola yenye wenzo wa kusukuma kwa dole gumba inamfaa zaidi kuliko triga ya kubana muda wote.

Kufunga polepole kuna faida nyingine. Mwaka 1898 Nikolai Zhukovsky, mwanasayansi wa Urusi, baada ya majaribio kwenye mabomba huko Moscow, alichapisha hesabu ya pigo linalotokea maji yanaposimamishwa ghafla. Ndani ya bomba gumu la metali, maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakizuiwa mara moja, shinikizo huruka kwa zaidi ya mara 10 ya shinikizo la hewa. Mpira wa maji unatanuka na kulipunguza sana pigo hilo, lakini kila triga inayoachiwa kwa kishindo inaipiga raba ya ndani na viungio vyote vya nyuma yake. Achia taratibu.

Mkimaliza kumwagilia, fungeni koki kwanza, kisha baneni triga maji yaliyobaki yatoke. Wengi wanafunga bastola peke yake na kuacha koki wazi. Bastola inabaki chini ya shinikizo usiku na mchana, na mpira ukipigwa na jua maji yanatanuka. Kwenye baridi ya kugandisha ni hatari zaidi, kwa kuwa maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na mwili wa metali unapasuka. Chokaa ikiziba vitundu, lowesha kichwa kwenye siki nusu saa, usuuze. Usilaze usiku kucha, siki hula zinki. Ringi zipakeni grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli huvimbisha aina ya raba iitwayo EPDM, ambayo hutumika sana kwenye vifaa vya maji. Na msiwanyweshe watoto kwa bastola hizi, maana shaba ya njano ya kawaida huweza kuwa na metali ya sumu iitwayo risasi ndani yake.

Hapa mezani nina bastola tatu na bisibisi. Mbili zinafunguka, ya tatu haifunguki. Sogeeni, tuanze na hii inayovuja mpinini.