Milimita 8 na Rula ya Mjukuu

REHEMA: Haya jamani tumerudi, na leo tuna maswali matano ya kumuuliza daktari, ila shoga kwanza hiyo rula mezani ya nini?

ZUHURA: Ya mjukuu, nimemuazima. Jumanne si nilienda ultrasaundi kwa ajili ya kibofu, basi nikaambiwa ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa, milimita 8, na mimi hedhi imekoma huu mwaka wa sita. Sijalala. Nikachukua rula niione hiyo 8.

REHEMA: Pole mwaya. Lete... ndo haka?

ZUHURA: Kidonge changu cha presha, 8 kamili. Kila asubuhi nikimeza nakumbuka.

REHEMA: Na kifungo cha blauzi?

ZUHURA: 11.

REHEMA: Basi ngoja, hiyo 11 ishike. Damu umeona?

ZUHURA: Hata tone.

REHEMA: Eeh! Kuna ile 4 watu wanayotishana nayo, ile ni ya aliyetokwa damu, ukuta ukiwa 4 kushuka saratani ni nadra sana. Asiyetoka damu madaktari wengi wanaanza kuhangaika ukipita 11, hicho kifungo. Inaweza kuwa kinyama kimeota tu humo ndani. Na wenye hiyo saratani, kama 9 kati ya 10 walianza kwa kutoka damu.

ZUHURA: Na yule wa 10? Mwili wangu unaujua, mafuta nayo yanatengeneza estrojeni, ile homoni inayokuza ukuta, hedhi ikishakoma hakuna homoni mwenzake projesteroni ya kuituliza, ukuta unakua tu. Mimi nataka wachukue kipande wakapime.

REHEMA: Daktari kasema mrudie picha baada ya miezi mitatu. Kile kimrija cha kuchukulia kipande kinauma Zuhura, na mlango wa kizazi ukishasinyaa mara nyingine hata hakipiti.

ZUHURA: Niumie dakika chache au nikeshe miezi mitatu, we ungechagua nini?

REHEMA: Ningesubiri.

ZUHURA: Kwa sababu si kizazi chako.

REHEMA: Hapo unanionea. Nasubiri kwa sababu nakupenda, sitaki uchokonolewe bure.

ZUHURA: Na mimi sitaki kusubiri bure. Ijumaa naenda kuomba.

(kimya)

REHEMA: ...Waya wa hedifoni ngapi?

ZUHURA: 4. Nilishapima ulivyokuwa unawasha maiki.

REHEMA: Kalamu?

ZUHURA: 7. Simu yako 9 na kava.

REHEMA: Jamani muda umeisha na maswali matano hatujagusa hata moja! Ila msikilizaji, hedhi ikishakoma mwaka mzima halafu ukaona damu, hata doa, nenda, usisubiri picha ya miezi mitatu wala mingapi. Na anayemeza tamoksifeni ya saratani ya titi amwambie anayempima, ile dawa nayo inanenepesha huo ukuta wa kizazi.

ZUHURA: Hapo tuko pamoja. Hapo tu.

REHEMA: Ijumaa nakusindikiza, ila bado nasema usubiri.

ZUHURA: Saa mbili asubuhi, usichelewe. Hebu inua mkono, nipime hiyo pete.