Mlango wa Hewa: Chupa, Chuchu na Tumbo la Mtoto

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Wale akina baba wawili mlioketi mlangoni, sogeeni mbele. Leo kazi ya kushika chupa itaanza na ninyi.

Mmeniona nimekuja na kopo la maziwa mazito, msumari na kikombe, mkadhani tunapika chai. Tazameni. Natoboa tundu moja, nalipindua kopo. Yanadondoka, yanakwama, yanadondoka tena kwa kushtuka. Sasa natoboa tundu la pili, upande wa pili wa kopo. Haya, mnaona? Yanatiririka kama uzi. Kila muuza chai analijua hili wala hakulisoma popote. Maziwa yakitoka, hewa lazima iingie. Ikikosa mlango wake, itapita mlango uleule wa maziwa.

Chupa ya mtoto ni kopo hilohilo. Mtoto anavuta, hewa haiingii, chuchu inabonyea na kugandamana. Anaiachia, mnasikia "fyuu", viputo vinapanda ndani, kisha anaikamata upya na kumeza hewa iliyokuwa mdomoni. Akirudia hivyo mlo mzima, anashiba nusu maziwa, nusu upepo. Halafu saa nane za usiku anakunja miguu, uso mwekundu, na bibi anasema ni chango.

Kwa hiyo ukienda dukani, usianze na bei wala picha ya sungura. Tafuta mlango wa hewa. Kwenye chuchu nyingi ni kitundu kidogo au valvu, yaani kilango cha hewa, karibu na ukingo wa chini. Chupa nyingine zina valvu kwenye kitako, nyingine zina mrija ndani unaopeleka hewa juu ya maziwa. Zote zinafanya kazi ya tundu langu la pili.

Lakini mrija huo una hadithi yake. Ulaya, katika karne ya 19, zilitamba chupa zenye mrija mrefu wa mpira. Mtoto ananyonya mwenyewe, mama anaendelea na shughuli. Mrija haukusafishika, maziwa yakaoza ndani, watoto wakafa, mpaka Waingereza wakaziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku mwaka 1910. Mirija ya leo ni mifupi na inafunguka, sikatai. Ila nikioneshwa chupa ya vipande sita huwa nauliza swali moja tu: nani atavisugua vyote saa tisa usiku? Kama huna jibu, chukua ile ya vipande vitatu, yenye mdomo mpana unaoingia brashi, inayostahimili kuchemshwa. Chupa chafu inaleta kuhara, na kuhara kunaua. Gesi ya tumboni haijaua mtu.

Sitataja jina la kampuni yoyote, msiniulize. Na ninyi mnaonyonyesha, msitoke hapa mkanunue chupa kwa sababu yangu. Titi halina tundu la kutafuta, hewa haina pa kuingilia humo. Miezi sita ya kwanza, titi peke yake. Lakini najua hapa Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84, na ingawa sheria yetu inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku akirudi kazini, wengi wenu kazi iko mbali na nyumba. Maziwa utakamua, na atakayemlisha ni dada au bibi. Kikombe kidogo kinafaa na husafishwa kirahisi, kwangu mimi ndicho cha kwanza. Anayeamua chupa, basi aichague kwa akili.

Sasa tundu la maziwa lenyewe. Hapa nitajisema mimi mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alikuwa ananyonya chupa taratibu, nikaona ananichelewesha. Nikachukua sindano ya cherehani, nikaichoma kwenye kibatari mpaka ikawa nyekundu, nikapanua tundu. Nikajiona fundi. Mlo uliofuata maziwa yalimjia kama bomba limepasuka. Akatoa macho, vidole vikatanuka, akapaliwa, yakatokea puani. Na mimi wakati huo nilikuwa tayari muuguzi! Chuchu ile niliitupa jalalani siku hiyohiyo.

Ipimeni hivi. Baba, shika hii, ina maji tu. Ipindue, usiitikise. Hesabu matone. Moja... mbili... tatu. Kama tone moja kila sekunde hivi, ni chuchu ya taratibu, inamfaa mtoto mchanga. Yakitoka mfululizo, mrudishie mwenye duka. Namba iliyoandikwa pembeni haitoshi, maana namba 1 ya huyu ni namba 2 ya yule. Mtazame mtoto mwenyewe: maziwa yakimtiririka pembeni mwa mdomo na akimeza kwa kugugumia, ni kasi mno. Mashavu yakibonyea, akavuta mpaka akasinzia kwa uchovu kabla ya kushiba, ni finyu mno. Silikoni au mpira? Mpira ni laini lakini huzeeka upesi. Ukiona unanata au umepasuka, tupa.

Wanaotumia maziwa ya unga kwa ushauri wa daktari: maji yachemke kwanza, yakae kidogo lakini yasipite nusu saa, unga uingie yakiwa bado moto sana, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha poza chupa kwenye bakuli la maji baridi, na jaribu tone kwenye mkono kabla ya kumpa. Wakati wa kuchanganya, zungusha, usisukesuke. Ukisukasuka unatengeneza povu, na povu ni hewa. Likitokea, iache chupa ikae mpaka litulie.

Na mkao. Baba, mlaze mkononi, kichwa kiwe juu kuliko tumbo, karibu aketi. Chupa iwe karibu sawa na sakafu, iinamishe kidogo tu ili chuchu ijae. Mpe pumzi kila baada ya muda, mtoe chupa, mweke begani, mpapase mgongo mpaka acheue. Asipocheua baada ya dakika chache, msimpigepige kama mkeka. Na kamwe usimwegemezee chupa kwa mto ukaenda kufua.

Mtoto mwenye homa, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo au tumbo gumu lililovimba, huyo hana shida ya chuchu. Hospitali, sasa hivi, na dawa za msokoto ziache nyumbani.

Ndiyo, mama wa mtandio wa kijani? ... Anasema amenunua chupa yenye valvu, ya bei kubwa, na chuchu bado inabonyea. Hebu niione. Ahaa. Pete inayoshika chuchu umeikaza kwa nguvu zako zote, mwanangu, kama mtu anayefunga mtungi wa gesi. Valvu imebanwa. Legeza kidogo, robo ya mzunguko, iache ishike tu. Mpe sasa... Mmeviona viputo? Vinapita pembeni, havipiti mdomoni. Endelea, usimtoe, ananyonya.