Thamostati Haitolewi, Hubadilishwa

Ndugu zangu, karibuni. Kifaa hiki nilichokishika, thamostati ya gari, kinaenea kiganjani. Ni sahani ya chuma yenye mlango katikati, springi, na kikopo kidogo cha shaba chini yake. Ndani ya kikopo hicho mna nta. Maji ya injini yakiwa baridi, nta ni ngumu na springi imeubana mlango. Maji yakipata moto, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti cha chuma, na mlango unafunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Hakuna waya wala kompyuta. Joto la kufungukia limepigwa chapa hapa ukingoni: hii ni nyuzi 82. Nyingine utakuta 88 au 92. Kufunguka kabisa huchukua nyuzi nyingine kama 10 hadi 15 juu ya hapo.

Nianzie kwenye kosa linaloua injini nyingi. Gari la zamani likichemsha, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye gari ni "toa thamostati, tupa, funga bila." Tazameni chini ya springi hapa. Mnaona sahani ya pili? Injini nyingi zina njia ya mkato: maji yanatoka kwenye silinda hedi na kurudi kwenye pampu bila kupita rejeta, ili injini ipate moto haraka ikiwashwa. Mlango wa juu ukifunguka, sahani hii ya chini inashuka na kuiziba njia hiyo. Sasa ukiitoa thamostati nzima, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji hufuata palipo pepesi, na sehemu yake inazunguka humohumo kwenye injini bila kuiona rejeta. Umeitoa ili gari lipoe, na kwenye mlima mrefu linachemsha kuliko jana.

Na kwenye injini zisizo na sahani hiyo ya chini, madhara yanakuja upande wa pili. Injini haifiki joto lake. Yenye sindano za mafuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, na unyevu unaokusanyika kwenye oili haupati moto wa kuufukuza. Fungua mfuniko wa oili wa gari kama hilo, mara nyingi utakuta povu la rangi ya maziwa chini yake, na mtu anadhani hedi gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini, imekufa.

Utajuaje kwamba thamostati ndiyo mgonjwa? Ikikwama wazi, mshale wa joto unachelewa kupanda, unashuka ukiwa barabarani kwa mwendo mkubwa, na hita inatoa hewa vuguvugu. Ikikwama imefungwa, mshale unapanda moja kwa moja hadi kwenye nyekundu. Kipimo chake ni mkono. Washa injini ikiwa baridi, gusa mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ukikaa mbali na feni na mikanda. Kwenye thamostati iliyowekwa upande wa juu wa injini, mpira huo unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha moto uje kwa ghafla. Ukianza kupata moto tangu mwanzo, polepole, mlango umekwama wazi. Mshale ukiwa juu kabisa na mpira bado ni baridi, zima injini hapohapo. Kwenye magari ambayo thamostati iko chini, mpira wa kuangalia ni ule wa chini.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima. Mfuniko wa rejeta wa shinikizo la baa 0.9 unayazuia maji yasichemke hadi nyuzi kama 119. Ukiufungua yakiwa na moto huo, yanageuka mvuke usoni kwako. Toa pia waya hasi wa betri, kwa sababu baadhi ya feni za umeme huwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa.

Weka beseni chini, fungua koki ya rejeta kwa vidole, si kwa plaizi: ni ya plastiki, na ya miaka mingi inakatika. Thamostati ikiwa juu, punguza lita 2 au 3 tu. Ikiwa chini, toa yote. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini yaliyotiwa dawa, ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa na paka huinywa na kufa. Usiiache kwenye beseni lililo wazi, na usiimwage chini.

Mpira wa maji ulioshikamana na shingo ya chuma usiuchokonoe kwa bisibisi. Uzungushe kwanza. Ukikataa, uchane kwa kisu kwa urefu na ununue mwingine, kwani mpira ni nafuu kuliko shingo iliyopasuka.

Sasa bolti. Hapa ndipo kazi ya nusu saa inapogeuka ya siku mbili. Bolti za nyumba ya thamostati, yaani kifuniko kinachoishikilia, mara nyingi ni mbili au tatu, za spana namba 10 au 12, na kwenye injini nyingi zimekaa kwenye aluminiamu karibu na maji kwa miaka. Zinashikana kwa kutu. Nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, subiri robo saa, rudia. Kisha kaza kidogo sana kabla ya kulegeza, ili kutu ivunjike. Ukisikia bolti inalainika kama mpira badala ya kuachia kwa mlio, simama: inajikunja, iko karibu kukatika. Rudisha, ongeza mafuta, nenda mbele na nyuma robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Ukiinua nyumba, kabla ya kugusa thamostati angalia ilivyokaa: kikopo cha nta kinaelekea wapi, na kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kiko upande gani. Piga picha. Kikopo lazima kielekee injini, kwa sababu nta inatakiwa ioge kwenye maji ya moto ya injini. Ukigeuza, mlango unachelewa na gari linachemsha huku kifaa ni kipya. Kitundu kile kinapitisha hewa, kwa hiyo kwa kawaida kinakaa juu kabisa.

Ziba tundu la injini kwa kitambaa, kwangua gasketi ya zamani kwa kijiti au plastiki ngumu. Usitumie diski ya kusagia. Aluminiamu ni laini na bonde dogo tu litavuja. Weka msasa juu ya kioo, upitishe uso wa nyumba juu yake taratibu, uone kama unagusa kote.

Kabla ya kuifunga mpya, ipime. Naam, hata mpya. Bana uzi kwenye mlango wake, uininginize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Pasha polepole ukikoroga. Mlango ukifunguka uzi unaachia na thamostati inaanguka. Soma joto hapo. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 na chapa haina shida. Maji yakichemka, mlango uwe umefunguka milimita 8 hivi au zaidi. Mnaoishi penye mwinuko kumbukeni kwamba kwenye mita 1,600 maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo ya 92 haiwezi kufunguka hadi mwisho kwenye sufuria, na si mbovu.

Kwenye kufunga, hakikisha ukingo wa thamostati umezama kwenye kibonde chake. Ikiteleza nusu milimita tu nje ya kibonde na wewe unakaza, sikio la nyumba linapasuka. Yenye ringi ya mpira hufungwa kavu. Yenye gasketi ya karatasi inatosha ukipaka silikoni nyembamba mno. Silikoni ya ziada inayobanwa kuelekea ndani inakatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Kaza bolti kwa zamu, kila moja kidogo. Ya M6, yaani ile ya spana 10, nyutoni-mita 8 hadi 10 zinatosha. Ya M8, takriban 20.

Jaza kulanti ya aina ileile iliyokuwemo, nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini. Ukichanganya aina mbili zisizopatana, tope linaweza kujikusanya. Inua pua ya gari, weka hita kwenye moto wa mwisho, mimina polepole ukikamua mpira wa juu kwa mkono. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, iache wazi hadi maji yatoke bila mapovu. Rudisha waya wa betri, washa injini mfuniko ukiwa haujafungwa, subiri. Mlango ukifunguka utaona maji yanashuka ghafla; ongeza, funga mfuniko, subiri hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Mvuke uliofungiwa chini ya thamostati hauipashi nta kama maji, na wengi wameilaumu thamostati mpya kwa hewa waliyoiacha wenyewe.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia usawa wa maji tena na ukaze klipu za mpira nusu mzunguko. Kama mapovu bado yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma, na hewa ulishaitoa, tafuta hedi gasketi.