China na Japani: Msiniulize Kama Ni Marafiki

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka: shikamooni wanaostahili, na wengine habari za jioni.

Tangazo la mhadhara huu linauliza kama China na Japani zitashirikiana au zitagombana. Sikuliandika mimi. Kila nikialikwa kuzungumzia nchi hizi mbili nakuta swali hilo hilo limebandikwa ukutani, nami kila mara hujibu kwamba swali limekaa upande. Linadhani kuna njia mbili, na kwamba siku moja majirani hawa watafika njiapanda wachague. Mimi nasema hawajawahi kushirikiana kwa jambo kubwa lolote pasipo ushirikiano huo kuzaa ushindani, na hawajawahi kushindana kiasi cha kushindwa kufanya biashara. Walionisikia siku zilizopita wanajua ninakoelekea. Ndiyo, naelekea kwenye chuma. Vumilieni.

Habari za Manchuria, Nanjing na vita vyote vile ambavyo Japani iliivamia China sitazirudia, mnazijua. Naanzia Oktoba 1978. Mwezi ule Deng Xiaoping, kiongozi wa China, alikwenda Japani kubadilishana hati za Mkataba wa Amani na Urafiki uliotiwa saini Agosti. Magazeti yalipenda habari yake akiwa ndani ya treni ya mwendokasi, akisema kasi ile ni kama inamsukuma mtu akimbie. Habari tamu. Lakini mimi humwacha kwenye treni nikamfuata Kimitsu, ng'ambo ya Ghuba ya Tokyo, kwenye kiwanda cha Nippon Steel. Mwaka ule Japani ilizalisha chuma tani milioni 102. China, yenye watu mara nane ya Japani, haikufikisha tani milioni 32. Deng akatembezwa kiwandani, mwenyeji wake mmoja akiwa Inayama Yoshihiro, mwenyekiti wa kampuni. Akaona mitambo mikubwa inaendeshwa kwa kompyuta na watu wachache. Akasema anataka kiwanda kama kile.

Nanyi mnajua mgeni akisifu nyumba ya mwenyeji kwa kawaida ni adabu tu. Huyu hakuwa anasema kwa adabu. Desemba 23 mwaka uleule, siku moja baada ya kumalizika kile kikao maarufu cha Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti kilichofungua mageuzi ya uchumi, ujenzi ukazinduliwa Baoshan, kaskazini mwa Shanghai, kando ya mto Yangtze. Michoro, tanuru, mitambo, vyote vilifuata mfano wa Kimitsu. Ardhi yenyewe ilikuwa laini, ikabidi nguzo za chuma zipigiliwe chini kwa maelfu, na nguzo zenyewe zikanunuliwa Japani. Wafanyakazi wa Kichina wakapelekwa Kimitsu kujifunza kazi palepale penye moto.

Hapa huwa ananyanyuka mtu akasema: Profesa, Wajapani walifanya hivyo kwa majuto ya vita, kwa kuwa mwaka 1972 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alimsamehe mwenzake wa Japani, Tanaka Kakuei, fidia ya vita. Kaa chini, ndugu yangu. Majuto yalikuwepo, na kizazi cha kina Inayama hakikuyaficha. Lakini majuto hayaagizi tanuru. Tazameni tarehe: Februari 1978, miezi minane kabla ya safari ya Deng, huyo huyo Inayama aliongoza upande wa Japani kutia saini makubaliano ya biashara ya muda mrefu. China ilipe kwa mafuta na makaa ya mawe, Japani ilete mitambo na utaalamu, dola bilioni 10 kila upande kwa miaka 8. Tangu mafuta yapande bei mwaka 1973, viwanda vya chuma vya Japani vilikuwa na uwezo mkubwa kuliko wateja. Walihitaji mnunuzi. Na Umoja wa Kisovyeti ulikuwa unazitia hofu nchi zote mbili. Majuto, njaa ya soko na hofu ya jirani wa tatu, vyote vikapakiwa kwenye meli moja.

Mapema mwaka 1981 China ikaishiwa fedha za kigeni. Ikasimamisha mikataba, ya Baoshan ikiwemo, huku mitambo mingine imeshatengenezwa. Mngesema urafiki umekufa? Magazeti ya Japani yaliandika hivyo. Serikali ya Japani ikamtuma mjumbe wake, Okita Saburo, kwenda kuzungumza, na mwisho wa mwaka zikapatikana yeni bilioni 300 za kuikwamua miradi. Kumbukeni kwamba mikopo ya misaada ya Japani kwa China ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, 1979 chini ya Waziri Mkuu Ohira Masayoshi. Septemba 1985 tanuru la kwanza la Baoshan likawashwa.

Ruka miaka. Leo kundi la Baowu, lililozaliwa na kiwanda kile, ndilo mzalishaji mkubwa wa chuma duniani. China mwaka 2024 ilizalisha zaidi ya tani bilioni moja, zaidi ya nusu ya chuma chote duniani. Japani mwaka huohuo ilizalisha takriban milioni 84. Oktoba 2021 Nippon Steel ikafungua kesi mahakamani Tokyo dhidi ya Baosteel, kampuni ya kiwanda kile cha Baoshan, ikidai imevunja hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, za lile bati maalumu la chuma linalotumika katika mota za magari ya umeme. Na sikilizeni hili: ikaishitaki pia Toyota, mteja wake wa miaka mingi, kwa kununua bati hilo kwa Mchina. Toyota baadaye ikaondolewa kwenye kesi. Mwaka 2024 Nippon Steel ikatangaza kujitoa katika kampuni ya ubia iliyokuwa nayo na Baosteel tangu 2004, na mwaka uliofuata ikakamilisha kuinunua U.S. Steel ya Marekani.

Ukiwasikiliza Wajapani wa chuma wakisimulia, utadhani wanasema asante ya punda ni mateke. Siwaungi mkono. Kampuni yao iliuza, ikalipwa, ikapata faida kwa miaka mingi, na magari ya Kijapani yaliyotengenezwa China yalivaa bati la ubia ule. Na Wachina wanaosema walijijenga kwa mikono yao tu, nao waende wakasome michoro ya Baoshan. Niulizeni sasa: miaka ile arobaini na sita ilikuwa ushirikiano au ushindani? Ndiyo maana nachoka na tangazo la ukutani.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Nzuri sana, mzee wangu, lakini hatujafika kwenye samaki.

Kuna wasomi wanaotuambia biashara ni kinga ya vita. Tangu 2007 China ndiyo mshirika mkubwa zaidi wa biashara wa Japani, na biashara yao huzunguka dola bilioni 300 kwa mwaka. Kinga iko wapi? Ninachokiona ni kwamba biashara imekuwa fimbo, na fimbo hiyo inachapa vizuri mara ya kwanza tu. Septemba 2010 meli ya uvuvi ya China iligongana na vyombo vya walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa vinavyodaiwa na nchi zote mbili, ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina Diaoyu. Nahodha akakamatwa. Ghafla shehena za madini adimu, yale ya kutengenezea mota na vifaa vya elektroniki, kwenda Japani zikakwama, wakati Japani ilitegemea China kwa takriban asilimia 90 ya madini hayo. Nahodha akaachiwa. Fimbo imefanya kazi, siyo? Mwaka uliofuata Japani ikaweka fedha zake katika Lynas, kampuni ya madini ya Australia. Mwaka 2012 ikaungana na Marekani na Umoja wa Ulaya kuishitaki China katika Shirika la Biashara Duniani, na 2014 wakashinda. Utegemezi ukashuka hadi kama asilimia 60. Bado ni mkubwa, sikatai, na Beijing inajua hivyo.

Samaki ni habari ileile. Agosti 24, 2023, Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Siku hiyohiyo China ikafunga soko lake kwa samaki na viumbe wote wa baharini wa Kijapani. Walioumia zaidi hawakuwa wavuvi wa Fukushima, bali wa Hokkaido, kaskazini kabisa, wavunao kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba. Kombe hao walikuwa wakipelekwa China wamenyewe magamba na vibarua wa huko, kisha wengine wauzwe Marekani. Wajapani wakaanza kutafuta mikono ya kumenya mahali pengine. Juni 2025 marufuku ililegezwa, Novemba ikarudi. Sababu ya kurudi kwake haikuwa maji tena, ilikuwa maneno ya Waziri Mkuu Takaichi Sanae Bungeni kuhusu Taiwan, kisiwa ambacho China inakidai kuwa chake. Nitarudi hapo muda ukiniruhusu, na naona hauruhusu.

Kuna kijana hapo mbele ananitazama kama anayesema: haya yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam? Nenda makutano ya TAZARA. Reli ile ya kwenda Zambia ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975. Juu ya makutano yenyewe linapita Daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, limejengwa kwa fedha na wakandarasi wa Japani. Umekaa kwenye foleni, Mjapani juu yako na Mchina pembeni. Kabla hujalalamika kwamba wanatugombania, kumbuka kwamba mwenye kugombaniwa ana nafasi ya kujadili bei. Waindonesia waliitumia: mwaka 2015 waliwashindanisha wote wawili kwa reli ya kasi ya Jakarta hadi Bandung, wakawapa Wachina. Na treni ya Kichina nayo ina Japani ndani yake, kwa sababu mwaka 2004 Kawasaki ndiyo iliyoiuzia China moja ya mifano ya mwanzo. Chuma tena, mnaona? Miezi michache baadaye Wajapani wakachukua reli ya Mumbai hadi Ahmedabad. Kama sisi tumewahi kuwabana namna hiyo, nijulisheni, ningependa kusikia.

Visiwa vile vya Senkaku, au Diaoyu. Haraka. Deng mwaka 1978 aliwaambia waandishi wa habari Tokyo kwamba jambo hili liachwe, kizazi kijacho kitakuwa na busara zaidi. Kizazi kikaja. Septemba 2012 serikali ya Waziri Mkuu Noda Yoshihiko ikanunua visiwa vitatu kwa mwenyewe ili Gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, asivinunue yeye akavichochea moto. Hesabu ya Tokyo ilikuwa kupoza mambo. Mitaani China watu wakavunja magari ya Kijapani, na wenye magari hayo ni Wachina wenzao. Miaka sita baadaye Waziri Mkuu wa Japani, Abe Shinzo, yuko Beijing anapokewa kwa heshima zote. Basi mtu asiniambie uhusiano "umeharibika kabisa" au "umepona", maneno hayo ni ya vichwa vya habari.

Taiwan ni tofauti, na hapa naacha mzaha. Visiwa havina mtu hata mmoja, Taiwan ina watu zaidi ya milioni 23, na kisiwa cha Japani cha Yonaguni kiko kilomita 110 hivi kutoka pwani yake. Jambo hilo huwezi kuliacha kwa kizazi kijacho na kuendelea kuuziana tanuru. Lilihitaji mhadhara wake, na nimelipatia dakika moja kwa sababu nilipenda sana chuma.

Nilikuwa pia na sehemu nzima juu ya mkataba wa RCEP, ulioanza kazi Januari 2022 na kuwa mkataba wa kwanza wa biashara huria unaozifunga China na Japani pamoja. Na nyingine juu ya magari, vipi Mitsubishi ilivyoacha kutengeneza magari China 2023 huku Toyota ikiunda gari la umeme pamoja na BYD ya China. Naziacha. Mwenyekiti amesimama kabisa. Maswali sasa, na aanze yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja samaki.